KAMPUNI ILIKUFA, NDEGE ZIKAENDELEA KURUKA



Ukurasa huu umezoea kuleta habari za mishahara, likizo na ajali za kazini. Leo utaleta habari za ndege. Najua wapo watakaouliza: ndege zinatuhusu nini sisi wa Kasese na Bwera? Ndege ni mambo ya wakubwa na watalii, sisi tunaziona zikipita juu ya milima ya Rwenzori tu.

Jibu langu ni hili. Ndege ni mashine kama mashine ya kuchambulia pamba. Shirika la ndege ni mahali pa kazi kama kiwanda cha saruji au shamba la chai. Kwa rubani mmoja anayeonekana amevaa kofia, kuna makumi ya watu chini wanaofunga boliti, wanaojaza mafuta, wanaopakia mizigo, wanaofagia na kuandika madaftari. Hao ni wafanyakazi wenzetu. Nami sifichi kwamba nazipenda ndege. Tangu utoto, nikisikia mlio wa injini hewani huacha jembe nikatazama juu, na hata leo nikipita karibu na uwanja wa Kasese hupenda kusoma herufi zilizoandikwa ubavuni mwa ndege.

Lakini sababu kubwa ya kuandika ni habari moja ambayo kila mwanachama yafaa aijue. Mwanzoni mwa mwaka 1977 Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilikufa. Wakati huo lilikuwa na ndege kubwa nne za aina ya Super VC10. Shirika lilikufa, ofisi zikafungwa, wafanyakazi wakatawanyika. Lakini ndege zile nne ziliishi, zikafanya kazi nyingine, na moja wapo iliruka kwa mara ya mwisho tarehe 25 Septemba 2013. Hiyo ni miaka 36 baada ya kampuni yake kuzikwa.

Ilikuwaje mashine ikaishi na kampuni ikafa? Tukilijibu swali hili tutapata somo la kutusaidia katika matawi yetu.

LILIKUWA SHIRIKA LA NAMNA GANI

Shirika hilo lilianza kazi tarehe 1 Januari 1946. Lilikuwa mali ya serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, na makao yake makuu yalikuwa Nairobi. Lilianza na ndege 6 ndogo za Rapide. Hizo zilikuwa na mabawa mawili kila upande, moja juu ya jingine, zimeundwa kwa mbao na kitambaa, na kila moja ilibeba abiria wachache kuliko matatu ya siku hizi.

Baadaye zikaja Dakota za chuma, kisha ndege kubwa zaidi. Mwaka 1960 shirika lilipata ndege za jeti za Comet 4. Zikafuata Fokker Friendship kwa safari za ndani, Super VC10 kuanzia mwaka 1966 kwa safari za Ulaya na Asia, na DC-9 mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kutoka ndege 6 za mbao mpaka jeti ya injini nne katika miaka 20 si jambo dogo.

Ukitaka kujua ndege ni ya nchi gani, usitazame rangi, soma herufi. Kila ndege duniani ina namba yake kama gari. Ya Uganda huanza na 5X, ya Kenya 5Y, ya Tanzania 5H. Super VC10 za shirika letu zilikuwa tano kwa jumla, na herufi zake ziligawanywa kwa nchi zote tatu: 5X-UVA na 5X-UVJ za Uganda, 5H-MMT na 5H-MOG za Tanzania, na 5Y-ADA ya Kenya. Lakini zote zilipakwa rangi moja, zikahudumiwa katika karakana moja, na fundi wa Uganda aliweza kufunga tairi la ndege ya Tanzania bila kuulizwa kabila wala taifa.

KWA NINI NDEGE ILE ILIFAA NCHI ZETU

Watu wengi hudhani ndege hupanda kwa nguvu ya injini peke yake. Injini kazi yake ni kuisukuma mbele. Kinachoinua ni bawa. Ukiwa ndani ya basi linalokimbia kutoka Kasese kwenda Bwera, toa kiganja dirishani, kiinamishe kidogo, nawe utaona upepo unakisukuma juu. Bawa hufanya hivyo hivyo. Kadiri ndege inavyokimbia, upepo mwingi hupita bawani, na mwishowe bawa hubeba uzito wote.

Sasa hewa si sawa kila mahali. Bondeni hewa ni nzito. Mlimani ni nyepesi, na ndiyo maana anayepanda Rwenzori huhema. Tena hewa ya joto ni nyepesi kuliko hewa ya baridi. Hewa ikiwa nyepesi, bawa hupata kidogo cha kushika na injini nayo hupungukiwa nguvu. Kwa hiyo ndege lazima ikimbie zaidi kabla ya kuinuka, au ipunguziwe mzigo.

Hapo ndipo tatizo letu la Afrika Mashariki. Uwanja wa Entebbe uko kama meta 1,155 juu ya usawa wa bahari. Nairobi uko juu ya meta 1,600. Addis Ababa uko juu ya meta 2,300. Ndege iliyotengenezwa kwa ajili ya nchi za baridi zilizo karibu na bahari hupata taabu hapa kwetu saa za mchana.

Super VC10 iliundwa Uingereza kwa kufikiria viwanja vya namna hiyo. Injini zake nne ziliwekwa nyuma karibu na mkia, mbili kila upande. Kwa kuwa bawa halikubeba injini, lote liliachwa safi kwa kazi ya kuinua. Basi iliweza kuruka ikiwa na mzigo mkubwa kutoka kwenye viwanja vya juu na vya joto. Ila kila mashine ina kasoro yake: ilikula mafuta mengi kuliko Boeing 707 iliyoshindana nayo.

Kwa maelezo hayo mtaelewa pia kwa nini ndege kubwa haiwezi kuja tu kutua Kasese. Mji wetu uko chini kidogo kuliko Entebbe, lakini uko bondeni penye joto kali, na njia ya kurukia ni kama kilometa moja na nusu ya murram. Njia kuu ya Entebbe ina meta 3,658 za lami. Ndiyo maana Kasese huja ndege ndogo kama Cessna Caravan ya injini moja, inayoleta watalii wa mbugani na mlimani.

CHUMA NACHO HUCHOKA

Sasa tuje kwenye kazi ya ukaguzi, na hapa Entebbe ina historia yake. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya jeti aina ya Comet iliondoka London kwenda Johannesburg. Hiyo ilikuwa safari ya kwanza duniani ya jeti kubeba abiria wa kulipa kwa ratiba, na kituo kimoja cha njiani kilikuwa Entebbe. Watu wa Uganda waliona jeti ya abiria kabla ya miji mingi mikubwa ya Marekani.

Lakini ndege ile ile iliyofanya safari hiyo ilivunjika hewani tarehe 10 Januari 1954 karibu na kisiwa cha Elba, Italia, na watu wote 35 waliokuwamo wakafa. Aprili mwaka huo huo Comet nyingine nayo ikavunjika karibu na Naples, wakafa watu 21. Wataalamu wa Uingereza walichukua Comet nyingine, wakaiweka ndani ya tangi kubwa la maji, wakaisukuma kwa maji na kuilegeza mara maelfu, kama vile inapanda na kushuka kila siku. Mwishowe ukuta wake ulipasuka. Wakagundua kwamba chuma kikivutwa na kulegezwa mara nyingi huingia nyufa ndogo sana, na siku moja huachia ghafula. Kwa neno moja, chuma kilichoka.

Kila ndege ina daftari la umri wake. Huandikwa imeruka saa ngapi na imetua mara ngapi. Ikifika hesabu fulani hufunguliwa na kuchunguzwa, hata kama inaonekana nzima. Kipande kikifika mwisho wa hesabu yake hutolewa, hata kama bado kinang'aa.

Ndugu zangu, fikirini jambo hilo. Kipande cha chuma kina daftari la kuhesabu uchovu wake, na hakuna msimamizi wa kukiambia kivumilie kidogo. Mfanyakazi je? Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 imeweka kipimo cha kawaida cha saa 48 kwa wiki, na saa za ziada zilipwe mara moja na nusu, au mara mbili ikiwa ni sikukuu. Hilo ndilo daftari letu la uchovu. Kama saa zako haziandikwi, hakuna atakayejua umefika mwisho wa hesabu.

KIPANDE KIDOGO CHA CHUMA

Fundi wa ndege akimaliza kazi hawezi kusema kwa mdomo tu kwamba amemaliza. Huandika alichofanya, na fundi mwenye leseni hutia saini. Bila saini hiyo ndege haiondoki. Spana na bisibisi huhesabiwa kabla na baada ya kazi, ili isibaki hata moja ndani ya injini. Rubani naye huizunguka ndege akiitazama kwa macho yake, na asiporidhika ana haki ya kukataa kuondoka.

Je, taratibu hizo ni za kusumbua watu? Tazameni yaliyotokea tarehe 18 Aprili 1972. Super VC10 yenye herufi 5X-UVA ilikuwa safarini kutoka Nairobi kwenda London kupitia Addis Ababa na Rome. Ilipokuwa ikikimbia kuondoka Addis Ababa, tairi la mbele lilikanyaga kipande cha chuma cha kuwekea jeki. Kipande hicho kilikuwa kimeanguka kutoka kwa ndege ndogo ya Cessna iliyoondoka kabla yake. Tairi likapasuka. Rubani akaamua kusimamisha ndege. Lakini sehemu moja ya mfumo wa breki ilikuwa imerudishwa vibaya ilipofungwa, kwa hiyo breki hazikushika kwa nguvu zake zote. Ndege ikapita mwisho wa njia, ikaporomoka kwenye ukingo, ikavunjika na kuwaka moto. Kati ya watu 107 waliokuwamo, 43 walikufa.

Kipande kimoja cha chuma kilichoanguka, na sehemu moja iliyofungwa vibaya. Kila kosa peke yake pengine lisingeua mtu. Yalipokutana yaliua 43.

Na hapa kuna jambo kubwa zaidi la kujifunza. Baada ya ajali ya ndege, mapatano ya kimataifa yanasema uchunguzi hufanywa kwa shabaha moja tu, kuzuia ajali nyingine. Si kazi ya wachunguzi hao kumtafuta wa kumlaumu. Sababu yake ni ya akili kabisa. Mtu akijua kwamba akisema ukweli atafukuzwa, hatasema. Asiposema, kosa litabaki limejificha mpaka liue tena. Mahali pengi pa kazi hapa kwetu ni kinyume. Mkono ukikatwa na mashine, swali la kwanza ni "nani mzembe?", na wa kwanza kuitwa mzembe ni yule aliyekatwa mkono. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inataja wawakilishi na kamati za usalama. Tawi lisilo na kamati hiyo ni sawa na ndege iliyoondoka bila saini.

KAMPUNI ILIVYOKUFA

Sasa tuone shirika lenyewe. Mwaka 1967 Kenya, Uganda na Tanzania zilitia saini Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki mjini Kampala. Mashirika manne makubwa yakawekwa chini ya Jumuiya. Ya ndege na reli yalikuwa na makao Nairobi, la bandari Dar es Salaam, la posta na simu Kampala.

Mwaka 1971 Idi Amin alichukua serikali Uganda. Mwalimu Nyerere alikataa kukaa naye meza moja, na tangu hapo marais watatu hawakukutana tena kama wakuu wa Jumuiya. Hebu fikirini mashine ambayo wakaguzi wake watatu hawakutani kwa miaka sita. Malalamiko yalilundikana. Uganda na Tanzania zililalamika kwamba mali na kazi nyingi ziko Nairobi. Kenya ililalamika kwamba ndiyo inayobeba mzigo wa madeni. Fedha zilizokusanywa katika nchi moja zikawa hazipelekwi makao makuu. Ndege ziliruka, abiria walilipa, lakini fedha hazikufika mahali pa kununulia mafuta na vipuri.

Mwanzoni mwa 1977 ndege zikasimama. Kenya ikaanzisha shirika lake la Kenya Airways mwezi Januari 1977. Februari, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na mpaka huo haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Machi 1977 ikaundwa Air Tanzania. Uganda ilikuwa imekwisha kuunda Uganda Airlines mwaka 1976. Kufikia katikati ya mwaka 1977 Jumuiya yote ilikuwa imevunjika.

Shirika halikuuawa na ajali ya Addis Ababa. Lilikuwa limeendelea kuruka karibu miaka mitano baada ya ajali hiyo. Liliuawa na hesabu ambazo hakuna aliyezikagua kwa pamoja na kuzitilia saini.

NDEGE ZILIKWENDA WAPI, NA WATU JE

Zile Super VC10 nne zilizobaki zilirudishwa kwa watengenezaji Uingereza. Jeshi la anga la Uingereza likazichukua, zikabadilishwa ziwe ndege za kubeba mafuta na kuzijaza ndege nyingine zikiwa hewani. Zilifanya kazi hiyo tangu miaka ya 1980 mpaka 2013. Iliyoruka mwisho kabisa kati ya VC10 zote duniani, tarehe 25 Septemba 2013, ilikuwa ile iliyoitwa zamani 5H-MMT. Nyingine, iliyokuwa 5H-MOG, ndiyo VC10 ya mwisho kutengenezwa kati ya 54, na imehifadhiwa Uingereza kwa ajili ya makumbusho.

Ziliishi kwa sababu kila mahali zilipokwenda, daftari lilikwenda nazo. Fundi wa Uingereza aliweza kufungua ukurasa akaona kazi iliyofanywa na fundi wa Nairobi. Kila boliti ilikuwa na ushahidi wake.

Wafanyakazi hawakuwa na bahati hiyo. Mapatano ya kugawana mali na madeni ya Jumuiya yalitiwa saini Arusha tarehe 14 Mei 1984, miaka saba baadaye. Kenya ilipewa asilimia 42, Tanzania 32 na Uganda 26. Kila nchi ikaahidi kuwalipa raia wake pensheni na haki zao. Ahadi iliandikwa, lakini kulipwa kukawa kazi nyingine. Nchini Tanzania maelfu ya waliokuwa watumishi wa Jumuiya walikwenda mahakamani, na mapatano ya kuwalipa yalifikiwa mwaka 2005, miaka 28 baada ya kazi kuisha. Hata baada ya hapo mabishano juu ya malipo yaliendelea. Wengi walikufa kabla ya kuona senti, wakawaachia wajane na watoto makaratasi.

Uganda Airlines nayo haikuishi. Serikali ilijaribu kuiuza, wanunuzi wakajitoa mmoja mmoja, na mwaka 2001 ikafungwa. Mwaka 2019 ilifufuliwa, ikaanza safari tarehe 28 Agosti kwa ndege za Bombardier CRJ900, kisha ikapata Airbus kubwa mbili za A330-800. Herufi za hizo mbili ni 5X-NIL na 5X-CRN, kwa ukumbusho wa Mto Nile na ndege korongo wa bendera yetu. Mimi nafurahi kuziona. Lakini kufurahi kwangu kusinifanye nisahau kuuliza maswali ambayo hayakuulizwa mwaka 1977.

SISI TUNAKAGUA NINI

Watu wa Kasese hawahitaji kufundishwa kwamba kampuni kubwa inaweza kusimama. Kilembe ilichimba shaba kuanzia mwaka 1956, reli ikaletwa mpaka hapa kwa ajili yake, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 uchimbaji wa shaba ukakoma. Mlima haukuondoka, shaba haikuondoka. Ajira ndiyo iliyoondoka.

Kwa hiyo mwanachama asiseme, "Kampuni yetu ni kubwa, haiwezi kufa." Ndege kubwa ndiyo inayokaguliwa zaidi. Haya ndiyo mambo ya kukagua ungali kazini, kabla injini haijazima:

Kwanza, barua ya kazi. Sheria inakupa haki ya kupata masharti ya kazi yako kwa maandishi, na karatasi inayoonyesha mshahara na makato yake. Itunze nyumbani mahali pasipovuja. Hilo ndilo daftari lako la kusafiri nalo kama zile VC10.

Pili, fedha za NSSF. Mfanyakazi hukatwa asilimia 5 na mwajiri huongeza asilimia 10. Kama mshahara ni shilingi 300,000, wewe hukatwa 15,000 na mwajiri hutoa 30,000, jumla 45,000 kila mwezi. Fedha hizo zinatakiwa zifike kwenye mfuko kabla ya siku 15 za mwezi unaofuata kwisha. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2022, kila mwajiri anapaswa kuchangia, hata mwenye wafanyakazi wawili. Usiridhike kuona makato kwenye karatasi ya mshahara. Makato ni nusu ya safari tu. Uliza kwenye mfuko wenyewe kama fedha zimefika. Fedha za Shirika la Ndege nazo zilikusanywa vizuri, ila hazikufika.

Tatu, saa za kazi. Kama mwajiri haandiki, wewe andika. Daftari la shule la kurasa 48 linatosha mwaka mzima.

Nne, ajali na hatari. Kila hatari iripotiwe kwa maandishi kupitia mwakilishi wa usalama, na nakala ibaki kwa katibu wa tawi. Anayeripoti alindwe na tawi zima, maana akiachwa peke yake leo, kesho hakuna atakayeripoti.

Tano, dalili za kufungwa. Mwajiri anayetaka kuachisha watu 10 au zaidi katika miezi mitatu kwa sababu za kiuchumi au mabadiliko ya kazi anatakiwa na sheria kuwapa wawakilishi wa chama habari na sababu zake, wiki 4 kabla ya kuanza. Wiki hizo 4 ni zetu za kuuliza juu ya malimbikizo, likizo na NSSF. Kampuni ikisha fungwa, mlango unaobisha hauna mtu ndani.

Mwisho nirudi kwenye uwanja wetu wa Kasese. Kwa miaka mingi umetajwa katika mipango ya kupanuliwa uwe uwanja mkubwa. Ukijengwa, vijana wetu watapata kazi ya lami, ya mizigo, ya ulinzi, ya usafi na ya mafuta. Tuwatayarishe mapema. Tuwapeleke wasome ufundi, na siku ya kwanza ya kazi waulize mikataba kabla ya kupokea sepeto. Uwanja utakuwa na wakaguzi wa kupima unene wa lami. Wa kukagua haki za waliomwaga lami hiyo ni chama.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA MKUTANO WA TAWI

1. Ni wanachama wangapi kati yetu wana barua ya kazi mkononi? Ihesabiwe, iandikwe.

2. Nani ameuliza NSSF mwaka huu kama michango yake imefika? Wale ambao hawajauliza waende na katibu kabla ya mkutano ujao.

3. Ajali ya mwisho hapa kazini ilisababishwa na nini? Je, kitu hicho kimekwisha rekebishwa, au aliyeumia ndiye aliyebadilishwa?

4. Nani ana saa zake za ziada za mwezi uliopita kwa maandishi? Alete daftari, wenzake walione.